Betri Iliyolala Juu ya Tanuri

Mshauri mpendwa, kama umenizidi umri basi shikamoo, na kama nimekuzidi mimi basi uniamkie moyoni mwako yaishe, ila nakuomba unisome mpaka mwisho kwa sababu mimi nikikatwa katikati husahau nilipofika.

Mimi ni mama wa watoto wanne na bibi wa mjukuu mmoja, kazi yangu ni kuoka mikate, shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mistari ikienda kombo uivumilie, lakini akili yangu iko sawasawa. Nina shida ya baiskeli na nina shida ya mkwe, na ninavyoona mimi hizo si shida mbili, ni moja, na mimi nikishaona jambo huwa sikosei sana.

Mwanangu wa pili, huyo wa kiume, ni fundi wa kuchomelea vyuma na kazi imempeleka mbali, nyumbani tunamwona kila baada ya miezi mitatu. Mwaka juzi alinikuta natoka na kreti la mikate kichwani, safari iliyofuata akaja na baiskeli ya umeme. Ni ile yenye betri nene kama tofali inayochomolewa kwa ufunguo, na kwenye usukani kuna kioo kidogo chenye vidoti vitano, vikiwaka vyote ujue betri imejaa, vikizimika vyote unakanyaga mwenyewe kwa nguvu zako. Akaniambia, "Mama, kitunze hiki." Nikamwambia kutunza sifundishwi, wewe mwenyewe ulizaliwa mdogo kama mkate wa nusu na leo unainua mageti.

Na nimeitunza, Mshauri. Tairi hazijawahi kutoboka hata mara moja, tangu zije mtu wa pampu sijampa kazi. Kila asubuhi napakia kreti, napitia maduka matatu, halafu napandisha mlima kwenda zahanati, maana wauguzi na wagonjwa waliolazwa hunywa chai yao kwa mikate yangu. Mwaka wote wa kwanza nilikuwa narudi nyumbani vidoti viwili bado vinawaka. Zahanati ikafungua wodi ya wazazi, nikaongeza kreti la tatu, bado nikawa narudi vizuri. Ilipoingia miezi ya baridi nikaanza kurudi na kidoti kimoja, mara kikawa kinapepesa, mara hakipo, na Jumatatu ya juma lililopita baiskeli ikazimika chini ya mlima na kreti zote tatu ziko nyuma. Nikaisukuma mpaka juu. Nilipofika getini nimelowa jasho, mlinzi akaniangalia akasema, "Mama, leo naona baiskeli ndiyo imekupanda wewe." Na wazazi walishakunywa chai tupu, mmoja alikuwa amejifungua alfajiri ile, Mshauri, akanywa chai tupu, hilo limenikaa hapa kifuani mpaka leo.

Nikakaa nikafikiri. Chaji haiyeyuki yenyewe kama barafu, kuna mtu anaitumia. Na nyumbani tuko watatu, mimi, mkwe wangu na mjukuu, na mjukuu ana miaka mitatu, miguu yake haifiki kwenye pedali.

Huyu mkwe ni mke wa huyo mwanangu mchomeleaji. Anafanya kazi kwenye duka la kutoa nakala na kuchapa barua za watu, shule amesoma akaimaliza, na anapenda kueleza mambo mwanzo mpaka mwisho, ndiyo maana nikambandika jina la Mwalimu, mwanzoni kwa utani, siku hizi utani umepungua. Si mtu mbaya, nisije nikaandika uongo gazetini. Kila Jumapili nikiwa nakanda unga yeye hunisomea ukurasa wako huu, na pale unapomkaripia mtu huigiza sauti, anakaza shingo, tunacheka mpaka mtoto naye anacheka bila kujua kitu. Lakini jirani yangu tunayepakana ukuta aliniambia amemwona kwa macho yake, asubuhi, kupitia dirishani, ameshika usukani wa baiskeli yangu. Kwa macho yake.

Basi nikatafuta ushahidi. Baiskeli inalala ndani, kwenye chumba cha kuokea. Nikachukua kipande cha chaki, nikachora mstari kwenye tairi pale linapogusa sakafu, na mstari mwingine sakafuni, viangaliane. Alfajiri yake, kabla sijapachika betri, Mwalimu akaamka, akafagia chumba kama kawaida yake, maana unga ukibaki chini unaita panya, akatoka. Nikaenda kuangalia, mistari imeachana. Siku ya pili imeachana. Siku ya tatu imeachana.

Na usifikiri labda mimi nimezembea na betri yenyewe. Nikirudi kutoka zahanati, hata viatu sijavua, naichomoa ingali ya moto, naichomeka kwenye chaja papo hapo isije ikakaa na njaa. Naiweka kwenye rafu juu ya tanuri, ndiko kukavu na ndiko kwenye joto, maana baridi ilipoanza yule jirani aliniambia betri huogopa baridi. Naifunika na blanketi la zamani la mjukuu wangu, lile zito, naizungushia vizuri kama ninavyofunika beseni la unga, kwa sababu miaka ishirini na sita nimeona kwa mikono yangu kwamba kitu ukikipa joto na ukakiacha kitulie hujaa chenyewe. Taa ya chaja ikigeuka kijani siitoi, naiacha mpaka kunakucha ishibe barabara. Ufunguo navaa shingoni kwa kamba, hata kuoga naoga nao. Alfajiri naipachika kwenye baiskeli, vidoti vitano vinawaka vyote. Sasa niambie, betri inayolelewa hivyo itachokaje, kama si mtu?

Baiskeli ilikuja na kijitabu cha maelezo, kweli, maandishi yake madogo kama sisimizi. Mwalimu aliniambia mara mbili, "Mama, hiki kitu nadhani hakipendi joto, acha nikusomee kijitabu." Mara ya kwanza nikamwambia mkate umetulisha sote bila kijitabu. Mara ya pili nikakikunja nikakiweka chini ya mguu wa meza ya kukandia, ilikuwa inayumba, sasa haiyumbi.

Jumatano nikashindwa kuvumilia. Alikuwa anamvisha mtoto viatu. Nikamwuliza, "Mwalimu, baiskeli yangu huwa unaipeleka wapi?"

"Baiskeli? Mama, mimi hata kuikalia sijawahi."

"Chaki inasema umeikalia."

"Chaki gani?"

Nikamwonyesha. Akainama, akauangalia ule mstari wa sakafuni, akauangalia wa kwenye tairi. Akasema polepole, "Mama, yaani umenichorea chaki."

Nikasema, "Kama wewe si mwizi, chaki itakuuma nini?"

Mshauri, neno hilo lilitoka. Nililisikia likitoka. Mwalimu akafunga nguo zake na za mtoto, nami nimesimama pale na unga mikononi, na alipofika mlangoni akageuka akasema, "Blanketi la mtoto naliacha. Betri inalihitaji zaidi."

Yuko kwa dada yake, ng'ambo ya kiwanja cha mpira, ni mbali kama zahanati tu ila njia ni tambarare. Tangu hapo hajarudi wala hajapiga simu. Mjukuu wangu, mkate mdogo wa kwanza kutoka tanurini huwa ni wake, huusubiri mlangoni anapuliza kabla haujafika mkononi. Bado natengeneza. Unapoa pale mezani mimi nauangalia.

Mwanangu anakuja mwisho wa mwezi. Nataka unisaidie mambo mawili. Kwanza, nifunge vipi hii baiskeli mtu asiweze kuchota chaji yake. Pili, nimwambieje mwanangu habari za mke wake bila kumvunjia nyumba, maana ni lazima aisikie kwangu kabla hajaisikia kwake. Na kama kuna mahali nimekosea, mimi si mtu wa kukataa kuambiwa, lakini niambie na sababu yake.

Ni mimi muoka mikate.

---

Dada yangu muoka mikate,

Shikamoo yako nimeipokea, naamini nimekuzidi umri, kwa hiyo ninapokukaripia leo ninakukaripia kihalali.

Kabla hujasoma mstari wa pili, weka gazeti chini, nenda kachomoe hiyo betri, itoe juu ya tanuri, ivue blanketi, uilaze kwenye sakafu ya saruji mbali na pazia na mbali na moto. Nenda. Nakusubiri.

Umerudi. Sasa tuzungumze. Barua yako niliipeleka kwa fundi wa baiskeli za umeme aliyepanga chumba nyuma ya ofisi yetu, nikamsomea. Tulipofika kwenye tanuri alicheka. Tulipofika kwenye blanketi aliacha kucheka, akaweka bisibisi chini, akaniuliza, "Huyu mama bado mzima?" Ndivyo ilivyo. Betri ya namna hiyo ikipata joto kupita kiasi, huku imefunikwa na bado inachajiwa, inaweza kuwaka moto, na ukishawaka hauzimiki kwa ndoo ya maji. Umelala nao nyumba moja miezi yote hiyo, na mtoto wa miaka mitatu ndani. Sisemi ili ukose usingizi. Nasema ili blanketi lisirudi.

Ulitaka sababu, sababu hii hapa. Unga wa mkate una hamira, na hamira ni kitu hai, hupenda joto na kufunikwa. Betri haina hamira. Joto huichakaza kutoka ndani, na kila ikichakaa nafasi ya kubebea umeme inapungua. Kwa hiyo vidoti vitano unavyoviona alfajiri si vitano vya mwaka wa kwanza. Beseni limejaa, ni kweli, ila beseni lenyewe limekuwa dogo. Na wewe umelipunguza kwa njia tatu kila siku: kuichaji ingali ya moto, kuilaza juu ya tanuri, na kuiacha kwenye chaja imeshajaa mpaka kunakucha. Baridi ilipoingia ilikupunguzia chaji kidogo, kama kawaida ya baridi, na ungeiacha ingejirudi yenyewe jua lilipotoka. Ukakimbilia kuitibu. Umeioka, dada. Nia yako ilikuwa nzuri na mikono yako ndiyo iliyofanya.

Sasa hilo la wizi. Umeandika mwenyewe, kwa mwandiko wako, kwamba betri unaichomoa ukifika hata viatu hujavua, inakaa kwenye rafu yako mpaka alfajiri, ufunguo unaoga nao, na asubuhi unaondoka nayo wewe. Niambie basi mkwe wako alikuwa anachota chaji kutoka wapi. Na hizo chaki mbili: mtu anayefagia chumba hadi chini ya baiskeli atafanyaje, afagie akiizunguka kama kaburi? Anaisogeza. Na mtu akisogeza baiskeli hushika usukani, hicho ndicho jirani yako alichokiona kwa macho yake. Yule yule aliyekupa habari za baridi. Mshukuru, halafu usimwulize tena mambo ya betri.

Hata hivyo betri si peke yake yenye lawama, na hapa kuna nafuu. Kilichochakaa hakirudi, fundi yeyote atakayekuahidi kukirudisha mwogope. Lakini vingine vinarudi. Ulijisifu kwamba mtu wa pampu hujampa kazi tangu baiskeli ije. Tairi hata lisipotoboka hupoteza upepo kidogo kidogo, na kwa miaka miwili ya kubeba mikate naamini yako yamelegea, mota inavuta kama inapita kwenye matope. Mpe mtu wa pampu kazi leo, na kila wiki mbili. Halafu ile chaki usiitupe, tuipe kazi ya heshima. Chora mstari kwenye tairi la mbele, inua gurudumu, lizungushe kwa nguvu, uhesabu mstari unapita mara ngapi. Likisimama baada ya mizunguko miwili mitatu, au likitoa sauti ya kukwaruza, breki inabana hata usipoishika, na betri yako inapigana nayo njia nzima. Peleka ilegezwe. Mwambie fundi aangalie na breki ya nyuma, na afute vile vyuma vinavyogusana unapopachika betri, unga wako naona umeshafika huko. Na kreti la tatu uliliongeza mwenyewe, ukasahau kuliandika kwenye orodha ya washukiwa. Mpaka betri ipimwe, zahanati iende kwanza, maduka yafuate kwa safari ya pili. Mama aliyejifungua asinywe tena chai tupu, katika hilo tuko pamoja.

Kuanzia sasa utafanya hivi. Ukirudi, vua viatu, oga, kula, betri ikae ipoe ndipo uichaji, iwe wazi, iwe sakafuni, nawe uwe macho. Taa ikigeuka kijani, itoe. Imeshiba, wala haihitaji kubembelezwa. Siku usiyopeleka mikate usiiache imejaa, vidoti vitatu vinaitosha. Ukiona imevimba, au ina harufu ya ajabu, au inachoma mkono ukiigusa, usiichaji tena hata mara moja, iweke nje na umwite fundi, na usimruhusu mtu kuifungua kwa bisibisi uani. Kisha ipelekwe ikapimwe kwa kifaa, ujue kimebaki kiasi gani. Ikionekana imebaki kidogo mno, mwanao atakapokuja ataijua shida kamili, na si ile shida uliyomwandalia.

Maana hiyo ndiyo iliyonikera zaidi. Unataka aisikie kwako kwanza. Asikie nini? Habari yako ilikuwa mbichi, ungemlisha hivyo hivyo. Usimwambie mwanao neno lolote juu ya mke wake mpaka uwe umeshaongea na mke wake, na ukishaongea naye utaona hakuna la kumwambia, isipokuwa kwamba ulikosea na yamekwisha.

Dada, najua kuishia darasa la nne kukoje nyumba moja na mtu anayesoma sisimizi wa kijitabu bila kukunja uso. Unahisi kila anachokueleza anakupima. Huyu hakuwa anakupima. Mtu anayekudharau hakusomei gazeti Jumapili huku unakanda, wala haigizi sauti yangu ili ucheke. Alijua jibu la betri yako kabla yangu na kabla ya fundi, akakupa mara mbili kwa adabu, ukaliweka chini ya mguu wa meza. Halafu ukamwita mwizi.

Sasa sikiliza. Gazeti hili linatoka Jumapili asubuhi. Wewe, kwa kukisia, unafuata mistari na kidole. Yeye husoma haraka. Popote alipo ng'ambo ya kiwanja cha mpira, yeye ameshafika hapa kitambo, ameshajijua, na labda ameshaisoma mara mbili. Usikae mlangoni ukisikiliza hatua zake. Aliyetoa neno ni wewe, safari ni yako.

Jaza upepo kwanza. Beba kreti moja tu, na ndani yake weka vitu vitatu: ule mkate mdogo wa kwanza, blanketi la mtoto likiwa limefuliwa, na kijitabu. Njia umesema ni tambarare na umbali ni kama wa zahanati, basi hiyo itakuwa safari ya kuipima betri. Ukifika, hesabu vidoti kabla hujabisha hodi, kwa sababu ukishabisha utasahau. Ikikuzimikia njiani, isukume, mlimani umeisukuma na kreti tatu.

Mtoto akitoka mbio, mpe mkate wake apulize. Mama yake mwambie, "Nilikuita mwizi na hukuiba kitu. Nimekosa." Ishia hapo, usiongeze "lakini" wala usimtaje jirani. Kisha mpe kijitabu, ukae chini, umwombe akusomee. Ukurasa wa kwanza unatosha kwa leo.

Nyumbani meza itakuwa inayumba. Iache iyumbe.